Habari za mpira za bure, na nauli ya kwenda Mwadui

Mwezi Februari 2016, katika siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, mabao 15 yalifungwa katika viwanja viwili tu. Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0 huko Kigoma, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0 mjini Tabora. Washindi hao wawili walikuwa wakigombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu, na tofauti ya mabao ndiyo iliyokuwa ikihesabiwa. Mwezi Aprili mwaka huo Kamati ya Nidhamu ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) ilizitia hatiani timu zote nne kwa kupanga matokeo na kuzishusha madaraja. Mbao FC ya Mwanza, iliyokuwa nyuma yao katika msimamo, ndiyo iliyopanda.

Wapenzi wa soka wanaikumbuka kashfa hiyo kama jambo la TFF na klabu. Kwa mfanyabiashara wa habari ina upande mwingine. Mtu aliyekuwa Dar es Salaam au Arusha siku ile alifikiwa na tarakimu mbili, 8-0 na 7-0. Mechi za daraja hilo kwa kawaida hazikuwa na televisheni. Jinsi mabeki walivyosimama, kipa alivyoruka au hakuruka, na mwamuzi alivyoitazama saa yake, ni mambo yanayoweza kujulikana kwa njia moja tu: mtu mwenye daftari awe amekaa uwanjani. Na mtu huyo lazima awe amefika hapo kwa nauli ya mtu fulani.

Mjadala wa waandishi wa michezo wanaoandika bila malipo katika mitandao umekuwa mrefu, na kwa kawaida huishia kwenye matusi. Walioajiriwa huwaita wasiolipwa makanjanja. Wasiolipwa nao hujibu kwamba walioajiriwa wanakaa ofisini wakinakili habari za wenzao. Pande zote mbili zina ukweli kidogo, na zote mbili zinakwepa hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kijana anaishi mjini Shinyanga na anataka kuandika mechi ya nyumbani ya Mwadui. Anapanda gari la njia ya Mwanza hadi Maganzo, kisha bodaboda hadi mgodini. Kwa mfano tu, nauli ya gari kwenda na kurudi iwe shilingi 6,000, bodaboda 4,000, chakula cha mchana 3,000 na bando la simu 2,000. Jumla ni shilingi 15,000 kwa ripoti moja. Msimu wa 2020/21, wa mwisho kwa Mwadui FC katika Ligi Kuu, ulikuwa na timu 18, kwa hiyo kila timu ilicheza mechi 17 nyumbani. Kijana huyo angekuwa ametumia shilingi 255,000 kuutengenezea mtandao wa mtu mwingine bidhaa 17, na kamera ya simu yake ikichakaa bila kuhesabiwa. Muuza nyanya wa soko la Shinyanga akipewa masharti hayo atacheka na kuondoka.

Kijana haondoki kwa sababu ameahidiwa kitu kinachoitwa jina. Anaambiwa aandike kwanza, ajulikane, malipo yatakuja. Ahadi hii haikubuniwa Tanzania. The Huffington Post ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2005 ilikuwa na maelfu ya waandishi wasiolipwa, na ilipouzwa kwa AOL mwaka 2011 kwa dola milioni 315, waandishi hao hawakuona hata senti moja. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 wakashindwa: walikubali bure wenyewe, basi bure ndiyo bei yao. Mwaka 2018 gazeti hilo la mtandaoni liliufunga mlango huo wa waandishi wa bure kwa uamuzi wake, likieleza kwamba kelele na habari zisizo za kweli zimezidi. Katika michezo hasa, Vox Media, wenye mtandao wa SB Nation, walishtakiwa na waliokuwa wakiendesha kurasa za timu kwa posho ndogo isiyolingana na saa zao za kazi, na mwaka 2020 wakakubali kulipa kiasi cha dola milioni 4 kuimaliza kesi.

Kesi za Marekani zilikuwa za jasho la mwandishi. Huku kwetu, katika ukanda wa almasi na dhahabu, tatizo ni jingine na ni zito zaidi. Mwandishi asiyelipwa na mtandao wake hakai bila kulipwa kwa muda mrefu. Atalipwa na mtu mwingine. Klabu itampa nafasi katika basi la timu. Mfadhili atamwita chakula cha jioni. Katibu atamsukumia bahasha ya "maji ya kunywa". Wakala wa mchezaji atamtumia kitu kwenye simu ili jina la mchezaji huyo litajwe pamoja na Simba au Yanga wakati wa dirisha la usajili, hata kama Simba na Yanga hazijawahi kumwona. Hakuna siri katika haya, na waandishi wenye mishahara nao hawakuepukana nayo. Lakini mwenye mshahara anaweza kuikataa bahasha na bado akala usiku. Aliyetoka na deni la nauli atahitaji moyo wa pekee.

Na wanaotoa bahasha si wajinga. Wanajua bei ya soko. Ukurasa unaosomwa na maelfu ya watu ukipatikana kwa gharama ya chakula cha mtu mmoja, hilo ni tangazo rahisi kuliko yote yaliyowahi kuuzwa nchini, na halitozwi kodi.

Mwadui kuna mfano mzuri wa jinsi swali hili linavyopaswa kuulizwa, na hautoki katika mpira. Tangu John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipoigundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, jiwe halikuweza kuuzwa kwa kutazamwa na mwenye nalo peke yake. Lazima lithaminiwe. Mfumo wa Kimberley ulioanza mwaka 2003 ukaongeza cheti: shehena ya almasi ghafi isiyo na karatasi inayoonyesha ilikotoka hairuhusiwi kuvuka mpaka kihalali. Pamoja na hayo yote, mwezi Septemba 2017 Serikali ilizuia shehena ya almasi za Mwadui katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam kwa madai kwamba thamani yake imeandikwa chini ya ile halisi. Petra Diamonds, waliokuwa wakimiliki sehemu kubwa ya mgodi, wakajibu kwamba uthamini wa awali unafanywa na mthamini wa Serikali, si wao. Mabishano yote yakawa juu ya jambo moja: nani aliyethamini, na analipwa na nani. Katika biashara ya mawe hakuna aliyeliona swali hilo kuwa la utovu wa adabu. Mwandishi wa mpira akiulizwa hivyo hivyo hukasirika.

Geita nako walijifunza kwa njia yao. Kabla ya soko la dhahabu kufunguliwa hapo mwezi Machi 2019, mchimbaji mdogo aliuza kwa dalali huku bei ya dunia akiisikia kwa dalali huyo huyo. Mtoa bei na mnunuzi walikuwa mtu mmoja. Shabiki anayesoma habari za klabu zilizoandikwa na mtu aliyesafirishwa, kulishwa na kulazwa na klabu yuko katika hali hiyo hiyo, ila yeye hajui.

Hasara kubwa haiko katika sifa za uongo. Sifa za uongo zinachosha, na msomaji hatimaye huzizoea na kuzikata nusu mwenyewe. Hasara iko katika habari ambazo hazikuandikwa kabisa. Mwezi Aprili 2020 mgodi wa Mwadui ulisimamisha uzalishaji kutokana na kuanguka kwa soko la almasi wakati wa Korona. Msimu uliofuata Mwadui FC, klabu ambayo chini ya kocha Jamhuri Kihwelo "Julio" ilipanda Ligi Kuu mwaka 2015, na ambayo Oktoba 2019 iliifunga Simba 1-0 katika uwanja wa Kambarage, ikashuka daraja. Si lazima jambo la kwanza liwe sababu ya la pili. Inawezekana ni usajili mbovu, inawezekana ni makocha. Lakini hilo ni swali la kuulizwa na mtu anayeweza kukaa Mwadui wiki mbili, kuwatafuta wachezaji mmoja mmoja, kuomba hesabu za klabu na kurudishwa mlangoni mara tatu. Nani amlipie wiki hizo mbili? Kijana wa ripoti za bure anaweza kuandika matokeo na majina ya wafungaji. Hawezi kuandika habari ya namna hiyo, na asilaumiwe kwa hilo.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa Stand United, timu iliyozaliwa na wapiga debe wa stendi ya mabasi ya Shinyanga. Ilipopata udhamini wa Acacia, kampuni iliyokuwa ikiendesha migodi ya Buzwagi na Bulyanhulu, fedha ziliingia na mgogoro wa uongozi ukafuata, hadi udhamini ukakatika mwaka 2016. Katika kipindi kama hicho kila kundi hutafuta mwandishi wake. Mwandishi asiye na mwajiri hupatikana kwanza.

Baada ya kusema hayo, ni kosa kuamini kwamba malipo peke yake yanaleta ukweli. Magazeti ya michezo yenye waandishi wa mishahara yamewahi kuuza nakala nyingi kwa wachezaji "waliosaini" ambao hawakusaini. Na upande wa pili, kazi mojawapo inayoaminiwa kuliko zote katika soka duniani inafanywa bure kabisa. RSSSF, kundi la wapenzi wa takwimu za soka lililoanzishwa Januari 1994, halimlipi mtu. Mwenye kutafuta orodha ya mabingwa wa Tanzania tangu ligi ilipoanza mwaka 1965 mara nyingi huanzia huko, na waandishi wa mishahara nao huenda huko usiku bila kusema. Kwa nini wanaaminiwa? Chini ya kila jedwali kuna jina la aliyelitengeneza na tarehe ya mwisho lilipopitiwa. Aliyekosolewa hurekebisha. Na muhimu zaidi, hakuna wa kumhonga: mtu anayepanga matokeo ya mwaka 1978 nyumbani kwake hana cha kumuuzia katibu wa klabu.

Hapo ndipo mstari unapopaswa kuchorwa, na unapita mahali tofauti na wengi wanavyodhani. Mhasibu wa mgodi anayependa kuweka kumbukumbu za mechi za Mwadui siku zake za mapumziko, kwa fedha yake, anaweza kuwa shahidi bora kuliko mwajiriwa wa gazeti. Anakula kwingine. Kijana aliyemaliza stashahada ya uandishi, asiye na kazi nyingine, anayetarajia ukurasa huo umlishe siku moja, huyo hajitolei hata akiambiwa anajitolea. Ni mfanyakazi aliyekopwa mshahara, na mwenye kumkopa ni mwenye mtandao.

Wenye mitandao wana utetezi wao, na haufai kupuuzwa. Wanasema matangazo ni haba, na kwamba Serikali nayo ilikuja na ada. Ni kweli kwamba kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu kulipa shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 nyingine kila mwaka, jumla shilingi 2,100,000 kabla hajaandika neno. Blogu nyingi ndogo zilizimika. Ada hizo zilipunguzwa baadaye. Lakini mtu mwenye blogu ya michezo Shinyanga alijifunza mwaka ule kwamba leseni ina bei, mtandao una bei, umeme una bei, na kitu kimoja tu katika biashara yake kinaweza kupatikana bila bei, yaani mwandishi. Akabana hapo.

Utetezi huo unapungua nguvu pale ukurasa unapokuwa na matangazo. Na ya nani? Mara nyingi ni ya kampuni za kubashiri. Hapa mambo yanakuwa mabaya. Mtu anayeweka mkeka wake asubuhi anasoma ukurasa huo kujua nani majeruhi, nani kafungiwa, timu gani haijalipwa mishahara miezi miwili. Habari hiyo kwake ni bidhaa ya fedha, kama bei ya pamba ilivyo kwa mkulima wa Kishapu. Ikiwa imeandikwa na mtu asiyelipwa na mtandao, lakini aliyepewa kitu na mtu mwenye maslahi katika mechi, basi msomaji anauziwa kete iliyochezewa. Mabao 15 ya Februari 2016 yalipangwa kwa ajili ya kupanda daraja. Katika soko ambalo mechi za madaraja ya chini nazo zinaweza kuwekewa dau, kishawishi kinaongezeka, na mtu pekee anayeweza kuona kitu kibaya uwanjani ni yule yule wa shilingi 15,000.

Dawa ya Serikali imekuwa kadi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka ithibati kwa waandishi, na Bodi ya Ithibati ilianza kazi yake mwaka 2025. Kadi inathibitisha kwamba mtu amesoma. Haisemi alifikaje uwanjani. Kanjanja mwenye stashahada yupo, na wenye kumbukumbu wanamjua.

Televisheni nayo imebadilisha soko kwa namna isiyotarajiwa. Mkataba wa TFF na Azam Media wa mwaka 2021, wa miaka 10 na shilingi bilioni 225.6, ulizipa klabu za Ligi Kuu fedha ambazo hazijawahi kuziona. Ulimpa pia mwandishi wa bure wa Kariakoo uwezo wa kuripoti mechi ya Geita akiwa kwenye kochi. George Mpole wa Geita Gold alipomaliza msimu wa 2021/22 akiwa mfungaji bora kwa mabao 17, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga, nchi nzima iliweza kuyahesabu mabao hayo kwa macho yake. Hilo ni jambo jema kwa Mpole, kwa sababu bei ya mshambuliaji ilikuwa na ushahidi. Wangapi katika Championship na First League wana mabao ambayo hayakuandikwa na mtu huru? Geita Gold yenyewe ilishuka mwaka 2024, na huko chini si kila mechi ina kamera. Mchezaji wa huko anauzwa kwa maneno ya wakala wake na ripoti zilizolipiwa na wakala huyo huyo. Klabu inayonunua hupata hasara, na kijana mwenye kipaji asiye na wakala hukosa soko kabisa.

Kinachowezekana kesho asubuhi, bila sheria mpya wala semina ya hoteli, ni kidogo lakini kinapimika. Kila ripoti ya mechi iseme kama mwandishi alikuwa uwanjani au aliitazama kwenye televisheni. Iseme nani alilipa safari yake: mtandao, klabu, mdhamini, au yeye mwenyewe. Mstari mmoja unatosha. Na mtandao wowote wenye tangazo la kulipiwa ulipe kwanza nauli ya ripoti inayokaa kando ya tangazo hilo, kabla ya kufikiria mshahara. Shilingi 15,000 haziwezi kuitwa mzigo na mtu anayepokea fedha za kampuni ya kubashiri.

Wapo watakaosema msomaji hajali. Huenda ni kweli kwa msomaji wa matokeo. Mnunuzi wa wachezaji anajali, mdhamini anajali, na mwenye mkeka wake uliochanika anajali sana, ila hana pa kuuliza. Hivi sasa akifungua ripoti ya mechi ya Kambarage atakuta maneno yaliyotumwa na msemaji wa klabu kwa WhatsApp kwa vyombo vingi kwa mkupuo, yakiwa na sentensi zile zile na picha ile ile, na juu yake pameandikwa "Na Mwandishi Wetu, Shinyanga".

Mwandishi huyo hana nauli ya kudai, na kwa hiyo ndiye anayepata kazi nyingi kuliko wote.